Mama Aliyerudi Jumamosi

Lori la Saad liliposimama mbele ya nyumba, Jumatatu alasiri, watoto hawakukimbia kulipokea.

Mwanamvua alishuka na fungu la migebuka, samaki wa ziwani, waliokaushwa mkononi, vumbi la njia ya Kasanga limemjaa hadi kwenye kope. Siku nne alikuwa mbali na wanawe, mara ya kwanza tangu awazae, na tangu walipopita Matai njiani alikuwa akiwaza jinsi watakavyomrukia. Kulsumu, mwenye miaka saba, alikuwa ameketi barazani, amempakata mdogo wake Uledi. Wote wawili walimtazama tu.

"Shikamoo," Kulsumu akasema, kama anavyomwamkia mgeni.

"Marahaba, mwanangu. Njoo basi! Hukunikumbuka?"

Mtoto aligeuka kuangalia mlangoni, akashusha sauti. "Usipige kelele. Mama amelala."

Saad, mumewe, aliyekuwa akifungua kamba za turubali, alicheka. Mwanamvua naye akacheka, akampita binti yake, akaingia ndani. Huko kicheko kikamwishia. Nyumba ilikuwa inanuka maji ya ziwani. Ilikuwa Julai, Sumbawanga nzima inapulizwa na upepo mkavu unaopasua midomo, lakini chumbani kwake mlikuwa na harufu ya mawe mabichi na magugu ya majini. Aligusa godoro. Upande anaolala yeye ulikuwa umelowa chapachapa.

Klementina, mjane wa Kifipa kutoka Mwazye aliyekuwa akiwasaidia kazi tangu Kulsumu akiwa mchanga, ndiye aliyeachiwa watoto. Alitokea uani na mzigo wa kuni kichwani, akamwona Mwanamvua na nguo zake za safari, akaganda.

"Mama Kulsumu, umetoka tena saa ngapi?"

"Kutoka tena vipi? Ndiyo kwanza tunafika."

Klementina aliushusha mzigo polepole. "Ulirudi Jumamosi," alinong'ona. "Adhuhuri, jua la utosi, kwa miguu. Ukasema bwana Saad amebaki na gari bovu. Ukaniambia nenda kapumzike kwako, watoto nitakaa nao mwenyewe. Nikaenda. Jana nikaleta mboga, nikakukuta unawaimbia. Nikakuonjesha mchuzi, ukautema. Ukasema una chumvi." Akapiga ishara ya msalaba. "Yesu na Maria. Nilimwachia nani watoto?"

Jumamosi adhuhuri Mwanamvua alikuwa amejilaza mchangani Kasanga. Alilikumbuka hilo vizuri mno, akaketi juu ya kuni.

Safari ile aliitaka mwenyewe. Alikuwa na miaka tisa ya ndoa na duka la kusimamia, na hajawahi kukaa na mumewe peke yao hata kutwa moja. Saad alipoleta habari kwamba bendi ya dansi kutoka Kigoma ingeshuka bandari ya Kasanga, ziwani, na meli, ipige Ijumaa na Jumamosi, alimwambia, "Twende, baba Kulsumu. Mimi na wewe tu." Wakaenda. Bendi ilipiga kwenye banda la shehena, chini ya taa za karabai, magitaa mawili na saksafoni, na Mwanamvua alicheza mpaka viatu vikamshinda akavivua. Saad alimshika kiuno mbele za watu, jambo ambalo Sumbawanga asingelithubutu. Kesho yake asubuhi walishuka ufukweni, chini ya magofu ya boma la Mjerumani. Saad akaingia kuogelea. Yeye akajilaza kwenye mchanga wa moto, akisikiliza jinsi hakuna mtu anayemwita.

Mwanamke mmoja alikuwa ameketi juu ya mawe karibu naye, nywele zinachuruzika maji.

"Unastarehe, mwenzangu," mwanamke yule alisema.

"Nimejipumzisha. Watoto nimewaacha nyumbani."

"Wangapi?"

"Wawili. Lakini kelele zao za watu kumi."

Mwanamke alizikamua nywele zake. "Mimi sina hata mmoja."

Mwanamvua, ngoma za usiku bado zinamlia kichwani, alicheka, akatamka maneno ambayo kila mama huyatamka. "Basi wachukue wangu ulee. Mimi nimechoka."

"Umenipa?"

"Nimekupa. Chukua."

Alipogeuka kumtazama, mawe yalikuwa matupu. Alidhani amezunguka upande wa pili, akafumba macho, akasinzia.

Sasa, juu ya kuni, alimsimulia Saad yote. Mumewe hakumlaumu. Alivaa kofia yake, akaenda mbio kwa Maalimu Selemani, mzee wa madrasa aliyejulikana mpaka Chala kwa kutoa majini. Akarudi na jibu baya: maalimu alikuwa huko huko Chala msibani, angerudi Jumatano.

"Siku mbili tu," Saad alimwambia mkewe. "Tusiwaache watoto peke yao hata dakika moja."

Hawakuwaacha. Lakini Jumanne Mwanamvua alipika maandazi ya sukari ambayo Kulsumu aliyapenda kuliko kitu chochote, na mtoto akamega kipande kidogo, akakirudisha sahanini kwa adabu.

"Tumeshiba. Mama ametupa."

"Mama ndiye mimi, Kulsumu."

Mtoto hakubisha. Alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa.

"Yuko wapi sasa hivi, huyo mama yako?"

"Ametoka kidogo. Hapendi yule maalimu akitajwa."

Baadaye Klementina alimwita uani. Alikuwa akimwogesha Uledi kwenye beseni, na mbavu za mtoto zilihesabika moja moja. Alimwinua kwa mkono mmoja kuonyesha alivyokuwa mwepesi, kisha akafunua chungu cha kujisaidia cha watoto. Ndani mlikuwa na mchanga mweupe, laini, na magamba matupu ya vijikonokono.

"Hicho ndicho wanachoshiba," Klementina alisema. "Wiki moja hawaimalizi, mama Kulsumu."

Hofu ilimshika Mwanamvua, lakini chini ya hofu palikuwa na kitu kingine alichoona aibu kukitaja. Alisikia Kulsumu anaimba barazani. Ulikuwa wimbo wa mwisho uliopigwa Jumamosi usiku kule Kasanga, ule aliouficha moyoni uwe wake na Saad tu, na mtoto aliuimba wote bila kukosea neno. Akamwendea, akachuchumaa mbele yake.

"Huyo mwingine anawafanyia nini nisichowafanyia mimi?"

Aliposikia swali lake mwenyewe alishtuka. Hakuuliza yule ni nani, wala ametoka wapi.

"Anacheza na sisi," Kulsumu alisema.

"Hata mimi nitacheza nanyi. Leo, kutwa nzima. Duka nalifunga."

"Wewe huchoka." Mtoto alisema bila ubaya wowote. "Yeye hachoki."

Alifunga duka. Akacheza nao mchezo wa kujificha, akaruka kamba, akawabeba mgongoni kuzunguka ua mpaka kiuno kikamuuma, na muda wote ule watoto walikuwa wakimfanyia hisani, wakicheka pale wanapotakiwa kucheka, huku macho yao yako mlangoni. Hakuna mwanamke aliyewahi kumtia Mwanamvua wivu kwa mumewe. Sasa alikuwa anaumia kifuani, kama aliyemeza kaa la moto, kwa ajili ya kitu ambacho hata hakijulikani kina damu au hakina.

Jumatano, jua likiwa utosini, alikwenda jikoni kuchukua maji, hatua kumi tu, na Saad alikuwa barazani na Klementina alikuwa uani, na alipokuwa anarudi na kata mkononi alisikia sauti yake mwenyewe inaimba chumbani, sauti yake kabisa, na kile kikwaruzo chake cha asubuhi, lakini tamu zaidi, haina haraka, na vicheko vya watoto vinaifuata, vicheko vya kweli ambavyo hakuvisikia tangu arudi, na akasogeza pazia kwa kidole kimoja akaona mgongo wa mwanamke aliyevaa kanga ya bluu ya Mwanamvua mwenyewe, ameketi ukingoni mwa kitanda, Uledi amelala kifuani pake ananyonya, mtoto aliyekwisha kuachishwa ziwa tangu masika, na Kulsumu yuko kati ya magoti yake anasukwa, na maji yanatiririka kutoka nywele za mwanamke yule, yanapita mgongoni, yanashuka godoroni, yanakuja sakafuni taratibu mpaka kwenye vidole vya miguu ya Mwanamvua, nayo ni ya baridi.

Mwanamke hakugeuka. Vidole vyake viliendelea kusuka.

"Umerudi kufanya nini?" aliuliza kwa upole. "Si ulinipa?"

Kata ilimponyoka. Saad alipofika mbio kulikuwa na watoto wawili tu kitandani, nywele za Kulsumu zimesukwa nusu, na Uledi analia kwa kunyang'anywa.

Maalimu Selemani alifika alasiri hiyo hiyo, vumbi la Chala bado miguuni. Alikuwa mfupi, msemaji wa sauti ya chini. Alizunguka vyumba vyote, akanusa, akagusa godoro, kisha akaketi na wazazi barazani.

"Huyu hakuvunja mlango," alisema. "Alikaribishwa, ndiyo maana anakaa kwa raha. Mimi nitasoma, na nitamfanya aonekane. Lakini mimi siye niliyempa watoto. Aliyetoa ndiye atakayenyang'anya."

"Nimwambie nini, maalimu?" Mwanamvua aliuliza.

"Ukweli. Yeye atasema ya kweli ili akufunge mdomo. Ukimjibu kwa uongo, hata mdogo, hata wa kujipamba, atabaki na haki yake."

Alhamisi adhuhuri walitandika mkeka sebuleni, wakawaketisha watoto katikati. Klementina aliketi pembeni na bakuli la uji wa ulezi wenye chumvi, rozari shingoni. Maalimu alitia ubani kwenye chetezo, akaanza kusoma, na kwa muda mrefu hapakuwa na kitu ila moshi. Kisha Kulsumu akatabasamu kuelekea mlango wa chumbani.

Alitoka polepole. Alikuwa Mwanamvua, ila yule wa Ijumaa usiku chini ya karabai: uso hauna uchovu, shingo ndefu, macho yamejaa muziki. Saad alimtazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mwanamvua aliliona hilo, na kaa la moto likazama zaidi kifuani.

"Ulinipa," yule alisema.

"Nilikupa."

"Ulikuwa umewachoka."

Mwanamvua alitaka kukana. Ulimi ulikwisha kujikunja tayari. Akamwangalia maalimu, akakumbuka. "Nilikuwa nimewachoka," alisema.

"Tangu uliponipa mpaka ulipoondoka kule hukuwataja hata mara moja."

"Sikuwataja. Nilifurahi. Nilicheza, nikalala mchangani, na sikuwakumbuka tena mpaka tulipofika Matai." Alilia aliposema hivyo, lakini hakunyamaza. "Nitachoka tena. Nitawafokea. Dansi ikija Kasanga nitatamani kwenda, na pengine nitakwenda. Lakini niliowazaa ni hawa, kwa uchungu wangu. Nilikupa kwa mdomo huu, na kwa mdomo huu nakunyang'anya. Sikupi. Toka."

Maji yaliacha kuchuruzika kwenye nywele za yule mwingine. Alimwangalia Mwanamvua, na kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa na kitu kinachofanana na cha Mwanamvua mwenyewe. Ulikuwa wivu.

"Waulize wao," alisema.

Klementina hakungoja kuambiwa. Alisogeza bakuli puani mwa Uledi. Harufu ya ulezi moto ikamfikia mtoto, na njaa ya siku tano ikamwamkia tumboni yote kwa pamoja. Akapiga ukelele, akatambaa moja kwa moja hadi mapajani kwa mama yake, mdomo wazi.

Kulsumu yeye alimkimbilia yule mwingine. Aliikamata ile kanga ya bluu kwa mikono miwili, akajifunika uso nayo. Mwanamvua alimtupia Saad yule mdogo, akamshika binti yake kiunoni, akamvuta, na mtoto akapiga mateke, akamng'ata mkono mpaka damu ikatoka, akilia, "Mama, usiniache! Mama, usiniache!" na hakuwa akimwambia aliyemshika, na maalimu alikuwa akisoma kwa sauti kubwa sasa, na moshi ulikuwa umejaa hadi hawaonani, na Mwanamvua hakuachia, aling'atwa mara ya pili na hakuachia, mpaka kanga ikakatika ghafla na wote wawili wakaanguka chali.

Mlango wa mbele ulijibamiza ukutani. Upepo wa Ufipa ukaingia, mkavu na baridi, ukakomba moshi wote. Mikononi mwa Kulsumu palikuwa na magugu ya ziwa, mabichi.

"Amekwenda," Maalimu Selemani alisema, jasho linamtoka. "Watoto wapewe uji kidogo kidogo. Chumvi isikosekane."

Uledi alisahau katika siku tatu. Kulsumu alikuwa na homa siku tisa, halafu akainuka, akaomba chakula, akala. Mashavu yakarudi. Alirudi madrasa, akacheza kujificha na wenzake, na hakuuliza habari za mtu yeyote. Alikuwa mtiifu kuliko zamani. Saad alimshukuru Mungu, akachinja mbuzi, akamgawia maalimu na Klementina.

Mwezi ulipita kabla Mwanamvua hajagundua. Alikuwa sokoni na jirani yake Mwasiti, wanachagua maharage, na Kulsumu akaja mbio kutoka dukani.

"Mama Uledi," mtoto alisema, "baba anakuita."

Mwasiti alicheka. "Haya, leo umevuliwa cheo! Si wewe mama Kulsumu?"

Kulsumu hakucheka. Alisimama na mikono nyuma, kwa heshima, akisubiri. Mwanamvua alijaribu kukumbuka siku ya mwisho binti yake kuita mama tu, peke yake, na akaikumbuka, siku ile ya moshi na kanga, na hakuwa yeye aliyekuwa akiitwa.

"Mama Uledi," Kulsumu akarudia, "unaitwa."

"Abee," Mwanamvua akaitika, akaacha maharage, akamfuata.