Msimbo wa Langoni

Shule anakofundisha Nkirote imezungukwa na mashamba ya ndizi ya Mitunguu. Asubuhi moja, mwalimu Nkirote alibandika misimbo kwenye kuta. Msimbo ni ile picha ya miraba midogo myeusi na myeupe. Ukiiskani kwa kishikwambi, swali linafunguka. Darasa la sita lingetafuta misimbo hiyo na kujibu maswali ya sayansi. Mmoja aliubandika langoni, kando ya barabara.

Watoto walikimbia huku na huku wakicheka. Kisha Njura akaja polepole, kishikwambi mkononi.

"Mwalimu, nimeshinda zawadi."

"Zawadi gani?"

"Ya langoni. Imeniuliza jina, tunakaa wapi, na namba ya mama. Nimejaza."

Maswali ya Nkirote hayakuwa na zawadi. Alikimbia hadi langoni, akaukwaruza ule msimbo kwa ukucha. Chini yake ukatokea wa kwake. Mtu alikuwa amebandika mwingine juu.

Jioni Lenah, mamake Njura, alifika nyumbani kwa Nkirote akihema.

"Mwalimu, mwanaume fulani amenipigia. Anajua jina la mtoto. Anajua tunakaa karibu na mfereji! Anataka nimpe namba ya siri ya pesa za simu, ati ndio atume zawadi."

"Umempa?"

"Sijampa. Lakini akija nyumbani je?"

Nkirote alimpigia simu jirani yake Rahema, anayefundisha kompyuta mjini Nkubu. Rahema alifika upesi.

"Mama Njura, usimjibu tena," alisema. "Twende polisi, kisha tuiarifu kampuni ya simu. Na mtoto asitembee peke yake."

Akamgeukia Nkirote. "Msimbo ni kama mlango uliofungwa. Kwa macho tu huwezi kujua kilicho ndani. Ukishaskani, soma kwanza anwani ya tovuti inayotokea. Kama si ya shule, usiifungue. Na ukurasa ukiuliza jina, namba au picha, mtoto aufunge, akuite."

"Na mimi nilikosea wapi?"

"Langoni kila mtu anapita. Bandika ndani ya ua, mahali unapopaona. Kagua yote kabla watoto hawajatoka. Watembee wawili wawili. Mkimaliza, bandua yote."

Polisi waliandika maelezo. Yule mwanaume alipiga tena, lakini Lenah hakupokea. Hata hivyo, kila asubuhi alimsindikiza bintiye shuleni akigeuka kutazama nyuma.

Nkirote aliwaita wazazi, akawaomba msamaha, akawaeleza yote. Baada ya hapo ndipo mchezo uliporudiwa, Lenah akiwa amesimama uani.

Njura na mwenzake walifika kwenye msimbo uliokuwa karibu na tangi la maji. Akauskani. Kidole kikasita. Akasoma anwani kwa sauti, herufi kwa herufi.

"Ni ya shule yetu," alisema.

Mwalimu akatikisa kichwa kukubali. Njura akagusa. Swali likatokea: mmea hutumia nini kutengeneza chakula?

"Maji, hewa na mwanga wa jua!" alipaza sauti, akakimbilia msimbo uliofuata.

Lenah alishusha pumzi. Akatoa simu yake mfukoni, akamsogelea Nkirote.

"Mwalimu, na mimi nionyeshe hiyo anwani inasomwa wapi."