Neli Alipomtazama Mkwewe

— Mwanao akimtazama mkwewe usoni, Asegelile, usije tena kuomba moto kwangu. Laana itaruka ua.

— Ua upi, Marta? Kuku wako wanalala kwangu mwaka mzima.

Marta alikuwa anafinyanga chungu, tope hadi viwikoni, na nusu ya kijiji cha Lyulilo imejazana uani kusikiliza. Habari yenyewe ni hii: mashua ya Wajerumani imefika na magunia ya mtama. Bwana Shauri, ofisa wao wa bomani, anataka kuzungumza na Malafyale, mkuu wa nchi hii na rafiki wa serikali yao, kabla ya kushusha hata gunia moja. Mkalimani wake kaangushwa na homa. Anayejua Kijerumani pwani nzima ni Neli, binti wa Asegelile, aliyelelewa misheni.

Na Neli amechumbiwa na Ambilikile, mwana wa Malafyale. Ng'ombe wa mahari wameshafika kwao. Mke wa mwana hamtazami baba mkwe. Akimsikia njiani, anajitupa migombani.

— Si akae nyuma ya mkeka, akalimani kutoka huko?

— Tumeomba, Marta. Bwana Shauri kasema haongei na mkeka.

Ambilikile alimkuta Neli kwenye mitumbwi.

— Usiende.

— Watoto wanatafuna mizizi ya migomba, Ambi.

— Ukimtazama tata, baba yangu, huwi mke wangu tena. Unajua?

— Najua.

Ambilikile aliegemea mtumbwi.

— Kaka kaja tena jana jioni. Kasimama mlangoni, nguo zinachuruzika maji. Hasemi neno.

Kaka wa Ambilikile, Andongwisye, alipelekwa Ungoni kwa mashua pamoja na vijana wenzake kuwabebea Wajerumani mizigo ya vita. Hakurudi hata mmoja. Mtama ule ndio shukrani iliyoahidiwa. Tangu hapo, ukisikia jina lako likiitwa kutoka ziwani, huitiki.

— Labda ana njaa, Neli alisema.

— Mfu?

— Sisi tuna tofauti gani naye?

Akaenda.

Kikao kilikuwa mchangani, mbele ya mashua. Neli aliinua macho. Uso wa Malafyale ulikuwa wa Ambilikile, ila umezeeka. Watu waliguna.

— Bwana Shauri anasema magunia yatashuka ukitoa vijana wengine wa kubeba mizigo.

— Mwambie wa kwanza nilimpa. Kawaweka wapi?

Neli aliuliza. Bwana Shauri aligeuzageuza kofia yake.

— Anasema walikuwa mashujaa.

— Sikuuliza walikuwa nini. Mwanangu anakuja kwangu amelowa, nami sijui kaburi lake liko wapi nimwombee. Anionyeshe kaburi, nitampa vijana.

Neli alitafsiri. Nyuma yao wanawake wakaanza kulia, kilio cha msiba, mmoja mmoja hadi ufuko mzima.

— Anauliza, kama ni hivyo arudi na mtama wake?

— Arudi nao. Ila Songwe si mto mpana. Ng'ambo yupo Mwingereza, naye ana mtama, na anatafuta marafiki.

Bwana Shauri aliposikia hilo aliacha kofia. Alitazama wanawake, akatazama mashua, akasema maneno machache.

— Nusu leo, nusu bomani mkija kuichukua. Habari ya vijana tuiache.

— Washushe.

Magunia yalishuka. Neli alikuwa akitazama miguu yake.

— Neli, Malafyale aliita. Hakuwahi kulitamka jina hilo. — Macho yetu yamekutana mbele ya nchi nzima. Huwezi kuolewa na mwanangu. Ila kwangu kuna nafasi tupu. Kuanzia leo u binti yangu. Utakula nyumbani kwangu, alipokuwa akiketi Andongwisye.

— Ona, kapewa baba, Marta alinong'ona.

— Kanyang'anywa mume, Asegelile alijibu.

Ugali ulipoiva, Neli alikuwa bado amesimama nje ya nyumba ya Malafyale. Ambilikile alitoka. Macho yalikuwa mekundu.

— Chakula kinapoa.

— Ambi.

— Usiniite hivyo hapa.

Alimmiminia maji ya kunawa, polepole, akimtazama mikono tu. Kisha akasogea, akaachia njia.

— Karibu ndani, dada. Ule.