Mke wa Ubao wa Kulia

Machteld alianza kusikia harufu ya tope la mfereji sebuleni, ilhali sebule yenyewe kaisugua asubuhi ileile. Na mji mzima wa Haarlem, huko Uholanzi, ulijua anavyosugua. Hata paka wake alipita kwa ruhusa.

Siku hiyo Wouter, mumewe, muuza vitambaa, alikuwa amerudi kutoka mnada wa vitu vya marehemu na picha iliyochorwa juu ya ubao: mwanamke wa nguo nyeusi na kola nyeupe, ananyoosha glovu kama anayemkabidhi mtu. Akaitundika kulia kwa kabati. Kushoto ilikuwapo picha yake mwenyewe Wouter.

"Si inapendeza?"

"Inakupendeza wewe," akajibu Machteld.

Wiki haikuisha, Wouter akawa hoi kitandani, baridi kama samaki wa sokoni. Na kila Machteld alipompandishia supu ya njegere alisikia kule chini glovu ikipigwapigwa kiganjani, pap, pap, kama ya mtu aliyechoka kungoja.

Akamwita jirani yao Lubbert, mzee mchoraji. Mzee akaingia na utani wake: "Mwanangu, leo bia ipo?" Kisha akaiona ile picha, utani ukamkauka.

"Nani kazitundika hivi?"

"Mume wangu. Kwani vipi, mzee?"

"Mume kushoto, mke kulia, wanageukiana. Si ndivyo tunavyowachora wanandoa hapa kwetu? Huyu katengwa na mwenzake, na mumeo kajitundika palepale penye nafasi. Kajioza kwake!"

"Kwa ubao?" Machteld akanong'ona.

"Hebu hesabu pete mkononi mwake."

Zilikuwa nne, zote kidole kimoja. Lubbert alipoigusa ya nne, rangi ilimshika, mbichi.

"Ishushe picha ya mumeo kwanza, taratibu. Huyo mwanamke usimguse. Sasa hivi ni mke wa mtu."

Mke wa mtu! Neno hilo, jamani, ndilo lililoharibu. Mzee hajafika hata darajani, Machteld, picha ya mumewe ingali ukutani, kashika shoka, kampasua yule mwanamke vipande vipande na kumsukumiza motoni, na ubao ukaungua kwa moshi wenye harufu ya nywele na tope, ukilia kwa sauti nyembamba iliyopanda dohani, ikapanda, mpaka ghafla ikakatika, na hapo hapo juu zikasikika hatua za mtu mzima wa afya.

Akapanda mbio, machozi ya furaha yakimtoka.

Wouter alikuwa amesimama, mashavu mekundu, kavaa joho jeusi la msiba mpaka visiginoni. Akamshika Machteld mikono yote miwili, kwa adabu.

"Asante kwa kuja, bibi jirani. Wewe ndiye wa kwanza kufika. Mke wangu amefariki sasa hivi."