Upande wa Ukutani

Upande wa ukutani wa kitanda ulikuwa na joto. Mwoka mikate, aliyerudi kutoka kazini asubuhi hiyo na unga kwenye nyusi, aliupapasa, kisha akamtazama mkewe.

"Nani kalala hapa?"

"Hakuna mtu."

"Wateja wako wa zamani hawajasahau njia, eti?"

"Ulikuwa mmoja wao. Wewe uliisahau?"

Ndoa yao ilikuwa changa, na mume alikuwa amehamia chumba hichohicho mkewe alimouzia mwili. Akalala upande wa ukutani, amenuna.

Mchana ukuta ukaanza kupumua. Ikaja harufu ya marashi yaliyooza, kisha uzito ukamkalia kifuani, ukashuka polepole kama mtu anayejilaza mahali alipopazoea, ukamkaba koo hata sauti ikamkauka na macho yakamtoka.

Mkewe akapiga kelele. Bibi mwenye nyumba, mkongwe wa kazi ileile, akaja mbio. Uzito ukalegea kidogo, haukuondoka.

"Umemlaza ukutani? Mjinga wewe! Wateja tuliwalaza wapi?"

"Ukingoni, Bibi. Nilidhani ni ili watoke upesi."

Bibi akashusha sauti. "Zamani mwanamke asiye na mume hakupangishwa chumba. Akifa, hakupata wa kumzika. Na waliotufukuza mchana ndio waliobisha hodi usiku. Basi tukasema tunaye mume. Tukamwita, akaja. Upande ule ni wake. Wateja hawaonei wivu, anajua hatuwapendi. Huyu unampenda."

"Nifanyeje?"

"Mkane. Lakini umaanishe. Yule hadanganyiki."

Mke akapiga magoti. "Huyu si mume wangu. Ni mteja tu."

Koo likabanwa zaidi. Midomo ya mwoka mikate ikawa myeusi.

Mke akafumba macho. Akautafuta ndani yake ule uchovu wa zamani, wa kungoja mwanaume amalize aende zake. Akaupata. Akasema tena, taratibu, bila chozi:

"Ni mteja tu."

Uzito ukaondoka. Mwoka mikate akavuta pumzi, akakohoa, akaketi. Akamgeukia mkewe.

"Bibi kasema hadanganyiki."

"Nilikuwa nakuokoa!"

"Najua."

Akavaa viatu, akatoka. Bibi akamfuata barabarani akimsihi, lakini hakugeuka.

Chumbani mke akabaki peke yake, uso mikononi. "Mume wangu," akalia. "Mume wangu, rudi."

"Nipo," sauti ikamjibu kutoka ukutani.