Jogoo wa Baba Nkuba

Baba yetu, Bujiku, alilima ekari mbili za mahindi huku Usangu. Tulihamia kutoka Shinyanga mwaka 1971. Kila mwaka, kabla ya mvua, alimpelekea Ezekia, mtunza stoo wa kijiji, jogoo mmoja. Mbolea ya serikali ilikaa katika stoo hiyo. Baba aliona ni heshima, maana mgeni haendi mikono mitupu kwa mwenyeji.

Jirani yetu Seni, mwenye ng'ombe wengi, alipeleka beberu. Alipata mifuko sita, mapema. Baba alipata mmoja, mahindi yakiwa yamekwisha kuchanua. Seni akanunua plau ya pili. Sisi tukaenda kumlimia ili tupate chakula, na kaka yangu Nkuba akaacha shule.

Mwaka 1975 mama alikuwa anasoma darasa la watu wazima. Alimweleza mwalimu wake, Yudith, kwamba jogoo wa safari hii ni mdogo, na kwamba anahofia tutakosa mbolea. Mwalimu akaja kwetu. Alimkuta baba anamfunga jogoo miguu.

"Jogoo anasafiri, Mzee Bujiku?"

"Anakwenda kuomba mbolea, mwalimu."

"Njia anaijua?"

"Kuliko mimi."

Mwalimu alicheka, kisha akakaa. "Mbolea si ya Ezekia, mzee. Imeletwa kwa kijiji, mifuko miwili kila kaya. Ukipeleka jogoo, mwenye beberu atakushinda. Kila mwaka atakushinda."

"Sisi wageni. Akikasirika, wanangu watakula nini?"

"Jina lako limo katika daftari la kijiji. Wewe si mgeni. Ila usiende peke yako."

Baba akamfungua jogoo.

Mama na wenzake wa darasani waliomba katika mkutano wa kijiji kwamba orodha ibandikwe mlangoni mwa stoo, na majina yaitwe mbele ya watu. Ezekia alinung'unika. Mwenyekiti alikubali. Siku ya kugawa, mama alifuata orodha kwa kidole, akasoma: "Bujiku Shija, mifuko miwili." Seni naye alipata miwili.

"Kumbe jogoo wako anajua kusoma," Seni alimtania baba.

"Si jogoo. Ni mama Nkuba."

Msimu ule tulivuna magunia kumi na sita. Seni alibaki na ng'ombe wake, lakini hatukumlimia tena. Nkuba akarudi shule.

Baba tulimzika mwaka jana, 1978. Maishani mwake hakukubali jogoo yule achinjwe. Kila jogoo alipowika alfajiri, baba alituambia, "Amkeni, anatuita shambani kwetu."