Nguo ya Pembe Nne

Msinihukumu kabla sijamaliza. Nikishamaliza semeni mnavyotaka, mimi ni mzee sasa na maneno ya watu hayaniwashi tena.

Nilitoka nyumbani Nguvumali saa kumi na moja jioni, mwaka wa hamsini na tano. Mwanangu Miraji nilikuwa nimemfunga kifuani chini ya buibui. Mkononi nilishika uzi wenye mafundo mawili, na toka fundo hadi fundo ndio ulikuwa upana wa dirisha langu. Arobaini ilikuwa imekwisha juzi tu. Safari yangu ya kwanza nje ya nyumba ilikuwa kutafuta pazia.

Mtasema pazia nalo ni jambo la kumtoa mzazi nje na mtoto mchanga? Kwangu lilikuwa.

Dirisha lile lilitazamana na dirisha la Bi Saleha. Kati yetu palikuwa na uchochoro tu, mngeweza kupeana chumvi bila kutoka nje. Hatukupeana chumvi wala salamu. Yule mwanamke mchana kutwa alikaa dirishani kwake, uso umenielekea mimi, hapepesi. Nikivaa, yupo. Nikila, yupo. Nikinyonyesha, uso uleule. Watoto wawili walinifia katika chumba kile. Wa pili, binti, alikuwa akilia siku moja mchana, na Bi Saleha akasema kutoka kwake, "Sauti gani nzuri aliyonayo mtoto huyu." Hakusema mashallah. Siku ya tatu nilizika.

Basi. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Miraji alikuwa wa tatu, na mimi nilishaapa kwamba huyu, yule mchawi hatamwona.

Kufunga mbao za dirisha nilijaribu. Chumba kiligeuka tanuri, mtoto akatoka harara mwili mzima. Mume wangu Zubeiri alikuwa kibarua wa relwe, siku nyingine analala Korogwe. Aliniachia shilingi tatu akaniambia nijue mwenyewe.

Nikazunguka madukani. Mhindi wa kwanza alinikunjulia chiti ya maua, nzito, nzuri, nikapima kwa uzi wangu. Alipotaja bei niliukunja uzi. Melimeli ilikuwa rahisi, lakini ukiitia mkono unahesabu vidole vyako upande wa pili. Kaniki ilinitosha kwa bei, ila kutundika nguo nyeusi vile chumba cha mtoto mchanga roho ilikataa. Ziliniita pazia za mianzi, zile za kukunja kwa kamba. Upepo unapita, macho hayapiti. Hizo zilikuwa za makarani.

Nikarudi mikono mitupu. Jua lilikuwa limeshazama na bado hawajaadhini. Nikapita mlangoni kwa Bi Mboni.

"Mke wa Zubeiri," akaniita taratibu. "Hebu njoo."

"Shikamoo, Bi Mboni."

"Marahaba. Dirisha lako lina upana gani?"

Sikuwa nimemwambia kitu. Nikamwonyesha uzi. Akaingia ndani, akatoka na nguo nyeupe imekunjwa. Bafta, nzito, safi. Ilinukia kafuri. Tukaipima pale mlangoni... ikafika fundo kwa fundo, kama iliyokatiwa dirisha langu.

"Nimeipata kazini," akasema. "Ni ujira wangu."

Kila mtu Nguvumali alijua kazi ya Bi Mboni. Alikuwa akiosha maiti wa kike. Na kila mtu alijua nguo za namna ile zinatoka wapi. Mwanamke akiteremshwa kaburini, watu hushika nguo kwa pembe zake nne, wakaitanda juu ya kaburi, wanaume wasio wake wasimwone. Wakishamfunika, nguo anapewa aliyemwosha.

Nilijua. Nisiwadanganye, nilijua. Lakini anayetaka rahisi haulizi mengi.

"Nipe shilingi moja," Bi Mboni akasema, kisha akanishika mkono. "Ila sikiliza. Kabla hujaitundika, ichane katikati. Nusu tumia, nusu mpe maskini. Zile pembe nne zilizoshikwa makaburini zisikae pamoja."

Nikamwambia nimesikia.

Nyumbani niliishika nguo kwa mikono miwili, tayari kuichana. Halafu nikaipima tena. Nusu yake ingefunika nusu ya dirisha, na nusu iliyobaki wazi ilielekea kitanda cha mtoto moja kwa moja. Nikatazama ng'ambo. Uso wa Bi Saleha ulikuwa palepale.

Nikaitundika nzima. Misumari miwili juu, miwili chini, upepo usije ukaifunua. Nikalala kitandani na mwanangu nikamcheka yule mwanamke kimoyomoyo. Tazama sasa.

Kesho yake, muadhini alipomaliza magharibi, nguo ilijivuta.

Sikusema ilipepea. Ilijivuta, pembe zote nne kwa pamoja, ikakaza kama ngoma. Kama watu wanne wameishika huko nje.

Kisha harufu... kafuri, na nyuma ya kafuri udongo mbichi.

Kisha nikasikia, juu ya kichwa changu hasa, mahali ambapo hapana kitu ila dari...

Pu.

Udongo. Gao moja la udongo, ujazo wa kiganja, limeangushwa. Nikapapasa sakafu kwa mwanga wa taa, sikuona hata chembe.

Miraji alikuwa analia. Akanyamaza ghafla. Katika kimya kile nikasikia mwanamke anaimba kwa pua, wimbo usio na maneno, kama unavyombembeleza mtoto aliyekaribia kulala. Haukutoka nje. Ulitoka kitandani.

Nilimnyakua mwanangu nikasimama naye mlangoni mpaka isha. Nilipompa ziwa alilikataa. Aligeuza uso, amelegea, kama mtoto aliyeshiba. Nikamfuta pembe ya mdomo. Kidole changu kilirudi na maziwa, na ndani ya maziwa mchanga.

Maziwa hayakuwa yangu.

Siku ya pili ilikuwa vilevile, ila magao yalikuwa mawili. Mchana kutwa mtoto hakunyonya. Mbavu zake nilizihesabu kwa macho, na bado tumbo lilikuwa limejaa, gumu, la baridi. Nikajaribu kuing'oa ile nguo. Misumari iliyoingia kwa mkono wangu mwenyewe ilikataa mkono wangu mwenyewe.

Yeyote aliyewahi kuzika anajua magao ni matatu.

Siku ya tatu alfajiri nilikuwa kwa Bi Mboni. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Ulichana?"

Nikachuchumaa mbele ya ungo wake.

"Haya," akasema. "Alikuwa mwanamke wa Mwera. Alikufa kwa uzazi, mtoto akabaki. Tulimzika na maziwa kifuani."

"Nitaichoma moto."

"Choma. Yeye atabaki humo ndani na wewe umemchomea mlango."

"Sasa nifanye nini, Bi Mboni? Huyu ndiye aliyebaki. Sina mwingine."

Akapuliza makapi. Alisema kwa sauti ya chini, nikalazimika kuinama.

"Mimi sikwambii ufanye. Nakwambia inavyokwenda. Leo kabla ya adhuhuri itang'oka. Mtu mwingine aipokee kwa mkono wake, aitundike kwa mkono wake. Nzima. Hapo inakuwa yake."

"Na yeye mtu huyo?"

Bi Mboni aliendelea kuchambua mchele wake.

Sikuhitaji kufikiri. Tangu njiani nilishajua mlango ninaokwenda kupiga hodi, na nitasema kweli, nilifurahi. Ameniulia wawili. Haya, na aonje.

Nguo iling'oka kama alivyosema. Nikaikunja, nikamwacha Miraji kwa jirani wa nyuma, nikavuka uchochoro.

"Hodi."

"Karibu... Nani?"

"Mimi Mwatumu. Jirani."

"Mwaka wa tatu huu. Leo ndiyo umeuona mlango."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Pita."

Alikuwa amekaa palepale dirishani, uso umeelekea kwangu. Hakugeuka nilipoingia. Nikamwambia nimeleta zawadi, nguo ya dirisha, tusahau yaliyopita. Akanyoosha mkono kuipokea. Aliunyoosha pembeni, mahali ambapo sikuwepo.

Nikasogea karibu. Macho yake yalikuwa na utando mweupe, yote mawili, kama maziwa yaliyoganda.

"Ni ya rangi gani?" akauliza.

Nilidhani ananichezea shere. Halafu nikaona vidole vyake vinavyoipapasa ile bafta, taratibu, ukingo kwa ukingo.

"Nyeupe," nikasema.

"Nyeupe naipata kidogo, jua likiwa kali. Ndiyo maana nakaa hapa. Sipendi watu wajue, watanicheka, niliwahi kuwa mshonaji mimi." Akatabasamu, si kwangu, kwa ukuta. "Na nakaa nisikilize watoto wako. Yule binti alikuwa na sauti... Nilikuja matangani, ukanipa mgongo. Nikasema basi, uchungu wa mwana."

Nguo alikuwa ameishika pembe tatu. Ya nne ilikuwa bado mkononi mwangu.

Ningeweza kuivuta. Nataka mjue hivyo. Nilisimama pale na pembe ile mkononi, na nilijua kwamba mwanamke huyu hajawahi kuniona hata siku moja. Hakumwona binti yangu. Hakumwona mtu.

Lakini Miraji alikuwa hajalia tangu alfajiri.

Nikaiachia.

"Nitundikie basi, mwanangu," akasema. "Mimi nyundo itaniponda vidole."

"Hapana, bibi. Tundika mwenyewe. Zawadi hutundikwa na mwenyewe."

Uongo. Nilimpa nyundo, nikampa misumari, nikarudi nyuma mpaka ukutani nisije nikaigusa nguo hata kwa ncha ya buibui. "Juu kidogo, bibi. Kushoto. Hapo." Alijiponda kidole mara mbili na mara zote mbili akacheka. Misumari minne, pembe nne. Alipomaliza akaipapasa mwanzo mpaka mwisho, akanishukuru, akaniombea mwanangu maisha marefu. Mashallah alisema.

Magharibi ile Miraji alilia. Alilia kwa nguvu, akalishika ziwa langu akalivuta mpaka likaniuma, nami nikalia naye kwa furaha. Siwafichi. Nilifurahi.

Ng'ambo, nguo nyeupe ilijivuta ikakaza.

Pu.

Na kupitia uchochoroni nikasikia sauti ya Bi Saleha, ndogo, ya mtu asiyetaka kusumbua watu.

"Mwatumu? ... Mwatumu, mwanangu. Nani huyu amekaa kitandani kwangu?"

Sikuitika.

"Mwatumu. Upo? Njoo unitazamie tu, mimi sioni."

Nilifunga mbao za dirisha. Chumba kikawa tanuri, na nikakaa humo nikinyonyesha, jasho linanitiririka. Kesho yake aliniita tena. Keshokutwa hakuita.

Walimkuta amekaa sakafuni, mikono ameikunja kama aliyepakata mtoto. Mdomo wake ulikuwa umejaa mchanga. Wazee wakasema kifafa, ameanguka nje, akajikokota ndani. Mchanga wa nje ni mwekundu. Ule ulikuwa mweusi, mbichi, wa chini. Mimi niliuona na sikusema neno.

Aliyemwosha ni Bi Mboni. Na wanaume walipotafuta nguo ya kutanda juu ya kaburi, mmoja akakumbuka kwamba dirishani kwa marehemu ipo bafta nzuri, mpya. Jioni Bi Mboni alipita mlangoni kwangu nayo kwapani, imekunjwa vizuri.

"Bado nzima," akaniambia, akaenda zake. Ilikwenda dirishani kwa nani baadaye, sikuuliza.

Miraji yu hai. Amezaa, amenijengea vyumba viwili vya mawe palepale, na hajui kitu. Mimi ndiye niliyekataa kuhama, watu hudhani ni kwa sababu ya makaburi ya wanangu. Kweli ni kwamba nilijaribu kuhama mara moja, nikaenda Tongoni kwa dada yangu, na usiku wa kwanza nikauona uso uleule dirishani kwa jirani yake. Nikarudi. Afadhali nijue yuko wapi.

Nimeshatundika chiti, nimeshatundika zile za mianzi, sasa ninazo nzito za rangi ya kahawia alizoleta mke wa Miraji. Hazisaidii. Ikifika magharibi huzisogeza mwenyewe kidogo nitazame, maana kutotazama ni kubaya zaidi.

Nyumba ya Bi Saleha haina paa siku hizi, dirisha ni tundu tu. Yeye hukaa palepale. Utando wa machoni umemtoka. Nikitoka kitandani kwenda mlangoni uso unanifuata, nikirudi unarudi nami. Miaka mitatu nilimsingizia kwamba ananitazama.

Sasa ananiona.