Glasi ya Mheshimiwa

Kila siku baada ya masomo, Lyse alitembea kutoka shuleni kwake Berea hadi Morningside, kwenye nyumba ya wageni ambako mama yake, Odette, alikuwa mpishi. Alifanya kazi za shule kwenye meza ya jikoni, kisha akamenya viazi na kusikiliza mazungumzo ya watu wazima. Hilo la mwisho hakutumwa na mtu.

Mwishoni mwa mwaka 2011, jiji lao la Durban, Afrika Kusini, lilijaa wageni wa mkutano mkubwa wa mabadiliko ya tabianchi. Mmoja wao alifikia hapo: Bwana Lokmani Thapaliya, mzee mwembamba kutoka Nepal, aliyewahi kuwa Waziri wa Maji. Odette na Lyse waliposikia neno waziri, walitazamana. Waliikimbia Burundi wakati wa vita, na kwao waziri alikuwa mtu wa kuogopwa kwanza, kuamkiwa baadaye.

Hata hivyo, mgeni ni mgeni. Odette alitengeneza juisi ya pasheni, akaipeleka sebuleni. Mbele ya macho ya mzee alionja funda moja, akatabasamu, akampa glasi kwa mikono miwili. Kwao, hiyo ni heshima: mwenyeji huonja kwanza ili mgeni aone kuwa hakuna sumu.

Mzee aliitazama glasi. Alishukuru, akaiweka mezani, wala hakuigusa tena.

Kesho yake Odette alionja chai, nayo ikapoa mezani vilevile. Baadaye Lyse alichungulia mlangoni, akamwona mzee akiinua chupa ya maji juu ya uso wake na kuyamimina kinywani bila midomo kuigusa.

"Mama, hata chupa haiamini!" alinong'ona.

"Eish, huyu iko na kitu," Odette alijibu. "Mtu mwenye moyo safi haogopi juisi. Lakini wewe nyamaza. Hii kazi ndiyo inatulisha."

Kunyamaza? Ungemwambia Lyse asipumue angalau angejaribu. Jumamosi, katika darasa lake la Kiswahili la kila wiki, Mwalimu Henriette alimtaka kila mwanafunzi asimulie maisha ya mgeni mmoja wa mkutano. Lyse hakuwa amemuuliza mzee chochote. Alisimama akatunga.

"Huyu waziri aliiba mali ya watu wake," alisema. "Sasa anaogopa kutiliwa sumu. Hata kinywaji cha mama yangu anakikwepa!"

Darasa liliguna, na Lyse akafurahi sana. Luqmaan peke yake, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni, hakutabasamu.

Jioni, mama yake Luqmaan, Bi Rashida, aliingia jikoni na kufunga mlango.

"Odette, nani amesema habari ya sumu nyumbani kwangu?"

"Sumu? Mama Luqmaan, mimi sijui!"

"Mwanangu ameisikia darasani. Habari hiyo ikienea, nani atakula hapa? Kama mgeni anakuogopa, basi Jumatatu nitatafuta mpishi mwingine."

Odette alishika ukingo wa meza. Lyse alitoka mbio hadi barazani, alikokuwa amekaa mzee, akamwambia kwa Kiingereza:

"Mzee, samahani. Nimewaambia watu kuwa wewe ni mwizi na unaogopa sumu. Sikuwa na ushahidi wowote. Sasa mama atafukuzwa kazi. Kwa nini hunywi anachokupa?"

Mzee alimtazama kwa mashaka.

"Kwetu, mgeni hapewi kitu kilichoguswa na midomo ya mtu; hata chupa ya maji hatuigusi kwa midomo," alisema. "Mama yako alikunywa, kisha akanipa. Nikasema moyoni, huyu mama ananidharau, ananipa makombo."

"Makombo? Alikuwa anakuheshimu!" Lyse akamweleza desturi ya kwao.

Mzee alishika kichwa. "Keti, binti. Nilikuwa mwalimu kijijini. Nilifungwa kwa kudai uchaguzi, nikatoka, nikachaguliwa, nikawa waziri. Siku moja nilikwenda kuzindua bomba la maji katika kijiji cha watu wa tabaka lililodharauliwa, ambao sisi tulifundishwa utotoni tusipokee maji mikononi mwao. Walinipa kikombe. Nilikiweka chini, nikanyamaza. Uchaguzi uliofuata waliniuliza: unayekataa maji yetu, hayo unayotuletea ni ya nani? Nikashindwa, na walikuwa na haki. Nilirudi nikayanywa, lakini nilikuwa nimechelewa. Nilidhani nimejifunza. Kumbe hapa nimenyamaza tena."

Aliinuka, akaenda jikoni na kuwaeleza Bi Rashida na Odette yote. Odette alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alitoa glasi mbili, akazijaza kutoka jagi moja, akaonja yake na kumpa mzee ya pili. Mzee aliinywa yote.

Bi Rashida alishusha pumzi. "Haya, Odette. Wageni wanasubiri chakula."

Jumamosi iliyofuata Lyse alisimama tena mbele ya darasa. Aliona haya, lakini alikiri kuwa alidanganya, kisha akasimulia maisha ya mzee kama alivyoyasikia, pamoja na kile kikombe kilichomwangusha.

"Kushuku si kosa," Mwalimu Henriette alisema. "Kosa lako, Lyse, ni kwamba ulikuwa na swali ukalitangaza kama jibu. Uwongo huo ungemnyima mama yako kazi. Ukiwa na shaka juu ya mtu, mfuate umuulize, kabla hujawaambia wengine."

Luqmaan aliinua mkono. "Je, juisi aliipenda?"

"Aliomba nyingine," Lyse alijibu. "Na safari hii alimwambia mama aonje kwanza, kwenye glasi hiyohiyo."